Matanga ya Wapagazi wa Tabora

Mimi ni mwanamke wa samaki. Nimesoma kwa masista mpaka mwaka wa tatu, basi. Baba alisema msichana akiweza kusoma jina lake kwenye kadi ya ubatizo inamtosha. Kwa hiyo anayetaka maandishi yaliyopigwa pasi akatafute kwa walimu. Mimi naandika kama ninavyosema sokoni, na soko la Kalemie linanijua kwa mdomo.

Linanijua pia kwa uchungu, sikatai. Wakati wa uasi ule wa baada ya uhuru, waasi walituchukulia mbuzi, nyavu na redio. Hao nawataja, na mbuzi ni mbuzi tu. Lakini mume wangu hakuchukuliwa na waasi. Alichukuliwa na askari wa serikali, wale waliosema wamekuja kutukomboa. Kapitani wao alikuwa na jino la dhahabu. Na aliyewaonyesha nyumba yetu kwa kidole alikuwa shefu wa kartiye yetu, mkubwa wa mtaa, ambaye Jumapili alikuwa anakaa mbele kanisani na kuimba kwa sauti kuliko wote. Majina yao nayajua, kila mtu hapa anayajua. Mwanangu ameniomba nisiyaandike, kwa sababu wengine bado wanakula kwa Leta, kwenye serikali. Haya, siandiki. Lakini kazi zao na meno yao hakuna aliyenikataza.

Ila leo sikukaa chini kuandika hayo. Nataka kuandika habari ya furaha. Furaha nayo ilinifikia, na sitaki mtu aseme ilipita nikiwa nimelala.

Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati kila mtu aliitwa sitwayeni, yaani raia. Tulikuwa na sitwayeni mwalimu, sitwayeni muganga, mpaka sitwayeni mwizi, ambaye polisi walimwita hivyo huku wakimpiga. Siku moja ya kiangazi gari moshi la Kabalo lilimshusha kijana mmoja mwembamba, mkononi ana sanduku, mgongoni ana mashine ya kunasa sauti, usoni ana miwani mizito kama kitako cha chupa. Alikwenda parokiani kuuliza mahali pa kulala, na padri akamtuma kwangu, kwa sababu nilikuwa na chumba cha nyuma. Mwanangu alikuwa amepata kazi Kabimba, kwenye simenti.

Nilimuuliza anafanya kazi gani. Akasema yeye ni mwanahistoria wa chuo kikuu, na historia yake ni ya vita.

"Vita vinasomewa shule?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Mama. Kuna mpaka diploma."

"Basi mji huu wote tuna diploma," nikasema. "Ingia, weka sanduku."

Nilimpenda kidogokidogo, kama mtu anavyozoea viatu vipya. Jioni nilipokuwa natia samaki chumvi alikuwa anakaa kwenye kigoda na kunisimulia maisha yake bila kuombwa. Alizaliwa kule juu, kwenye milima ya nyuma ya Moba, baba yake katekista na mkulima wa maharagwe. Toka utoto alikuwa anazipanga mbuzi za baba yake katika mistari na kuziamuru zishambulie shamba la jirani, na kweli zilikuwa zinashambulia. Alitaka kuwa askari, hakutaka kingine. Alipokwenda kujiandikisha, daktari wa jeshi akamwambia asome herufi zilizobandikwa ukutani, naye akauliza ni ukuta upi. Hapo ndipo uaskari wake ulipoishia. Asiyeweza kumwona adui, akasema, wanamtuma kwenye vitabu.

Na vitabu alikuwa amevila. Alijua vita vya watu waliopigana wamevaa marinda, vya watu waliopanda tembo, vya wazungu waliokaa kwenye mashimo miaka mizima wakitazamana. Akianza, mikono haitulii. Alikuwa anachukua mikebuka yangu, wale samaki warefu wa ziwani, iliyokauka na kuipanga kwenye mkeka: hawa Wabeleji, hawa Wajerumani, sufuria hii ndiyo ziwa. Asubuhi nikauza Wabeleji wote sokoni, na alipoamka alilalamika kwamba nimevunja kikosi.

Lakini chini ya mchezo ule kulikuwa na hofu, na hofu yenyewe alinieleza. Kwenye chuo kikuu alikuwa asistenti, msaidizi wa profesa. Asistenti anayekaa miaka bila kupanda, wanamwondoa, wanampeleka porini kufundisha watoto, na kiti chake anapewa mwingine. Yeye alikuwa amekaa. Alikuwa amechagua kuandika juu ya wapagazi wa vita ile ya zamani, ya Wabeleji na Wajerumani hapa ziwani, wale watu wetu waliobeba mizinga na vipande vya meli vichwani, kisha wakavushwa ng'ambo na kubeba tena mpaka Tabora. Wazungu waliandika kila kitu, alisema: jina la kila meli, uzito wa kila mzinga, mpaka jina la mbwa wa ofisa. Waliobeba hawana jina hata moja. Na profesa wake mkubwa alikuwa amemwambia hivi: hii ndiyo likizo yako ya mwisho, niletee sauti za watu ninazoweza kuziamini, au umwachie mwenzako kiti.

Basi alitoka kila siku kwenda kutafuta sauti, na kila siku alirudi na vumbi.

Alikuwa na maswali yaliyopigwa tapureta, ya Kifaransa, aliyoyageuza Kiswahili akiwa njiani. Kikosi gani? Bunduki ya namna gani? Umbali gani kwa siku? Wazee wa Kataki na Lubuye waliiangalia ile mashine, wakamwangalia na yeye, wakajua: muntu wa usalama. Mzee mmoja alimwambia kwamba maisha yake yote hajawahi kutoka nje ya boma lake, na goti lake lina kovu la kuangukiwa na chuma ambalo kila mtu analijua. Mwingine alimzungumzia maharagwe asubuhi nzima, na mashine ikanasa yote.

"Unauliza kama polisi wa bariera ya barabarani," nikamwambia. "Bado kidogo utamwomba mtu karatasi za baiskeli."

"Ni metodi, Mama."

"Metodi yako ina njaa. Kula."

Alikula, akafikiri, na kesho yake akaziacha zile karatasi nyumbani. Sasa akawa anauliza kitu kimoja tu. Anapiga hodi, anaamkia kama mtoto aliyelelewa, anasema ametoka kijiji gani na ni wa ukoo gani, halafu: katika nyumba hii, nani alikwenda Tabora na hakurudi? Aliangukia wapi? Nani alimzika?

Hapo lazima nieleze kitu, kwa sababu asiye wa kwetu hataona alichokifanya.

Kwetu, hapa ziwani na kule milimani, kila ukoo una watani wake. Yeye alikuwa wa ukoo wa Mvua. Kwenye mtaa wetu wengi ni wa ukoo wa Udongo, na mume wangu alikuwa wa Udongo. Mvua na Udongo ni watani, kwa sababu mvua inaupiga udongo na udongo unainywa mvua. Mtani anakutukana mbele ya wakwe, anachota nyama kwenye sufuria yako, na huna ruhusa ya kukasirika. Lakini mtani ana kazi nyingine, na ndiyo kubwa: kifo. Yeye ndiye anayechimba kaburi. Na ukoo ukishalia vya kutosha, yeye ndiye anayekuja kuondoa matanga. Anauliza mbele ya watu wote: marehemu alichukuliwa na nani, aliangukia wapi, nani alimzika? Mwenye marehemu anasimama na kujibu. Akidanganya, watani wanampigia kelele mpaka akae. Akisema kweli, wananyamaza, mtani anamnawisha mikono, pombe inanywewa, na mjane anakuwa tena mtu kama watu.

Sasa wale waliofia Tabora hawakuwa na kaburi. Hakuna mtani aliyekuja kuuliza, kwa sababu hakuna maiti iliyoonekana. Matanga yao yalikuwa yamekaa hivyohivyo toka enzi za babu zetu, mlango umefungwa na mtu yuko ndani.

Halafu anatokea kijana wa Mvua, anapita mlango kwa mlango katika mtaa wa Udongo, anauliza nani alimzika.

Wewe ungefikiri nini?

Milango ilifunguka kama imepigwa teke. Bibi mmoja aliyekaa mbele ya nyumba yangu, mkubwa wa umri kuliko wote mtaani, ambaye baba yake alikwenda Tabora yeye akiwa mgongoni mwa mama, alisikia lile swali akaanza kulia. Alipomaliza kulia akamtukana kijana matusi mazuri ya kitani, kwamba Mvua ni wavivu, wamechelewa mpaka meno yamemwisha. Kisha akampa kuku.

Alirudi nyumbani na kuku kwapani, miwani inang'aa. "Mama, mambo yamegeuka. Wameanza kunipenda."

Nikamtazama kuku. Alikuwa mweupe wote, bila doa. Kuku mweupe wa namna ile hapewi mgeni wa kawaida. Anapewa mtani, na anapewa kwa jambo moja. Nikamwambia jambo lenyewe. Alikaa juu ya kasha la samaki bila kuangalia kama kuna samaki.

Alivyo mwaminifu, alirudi palepale kueleza. Nilimfuata, siwezi kusema uongo, nilitaka kuona. Alisimama mbele ya yule bibi kama mtu anayeungama.

"Bibi, nisamehe. Mimi sikuja kuondoa matanga. Mimi ni mtafiti wa chuo kikuu."

Bibi akageukia wajukuu. "Mumesikia Mvua hii inavyokataa kunyesha? Babu yake njo alikuwa hivihivi. Mupeni kuku mwingine."

Kwa sababu mtani lazima akatae. Hiyo ndiyo adabu yake. Mtani anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, watu wanamcheka. Anakataa, anadai hana nafasi, anasema marehemu wenu alikuwa mchafu, na wao wanaongeza. Kwa hiyo kila alipokwenda kusahihisha, ndivyo alivyozidi kukubalika. Alipoapa kwa Mungu, walimpa bata. Uwanja wangu ulijaa. Kuku walitaga kwenye sanduku lake, juu ya shati alilolitunza kwa ajili ya profesa.

Na huyo profesa ndiye aliyekuwa msumari. Kijana alikuwa amemwalika toka mwanzo aje Kalemie kusikiliza konferansi katika ukumbi wa parokia, apime kazi kwa masikio yake mwenyewe. Tangazo padri alikuwa amelisoma baada ya misa: wote waliopoteza wazee wao katika vita ya Tabora, Jumapili ijayo waje ukumbini na habari zao. Padri, mzungu mwema, alifikiri ametangaza masomo. Watu walisikia tarehe ya matanga imetoka altareni.

Basi mji ukachemka. Mahindi ya pombe yaliloweshwa. Unga ukaadimika. Mimi niliishiwa ndakala, dagaa wetu, kabla jua halijawaka, na nilikuwa naulizwa kama mimi ndiye mama wa nyumba ya matanga, nipange sufuria. Boti ya Moba ilileta watu wa milimani na magunia ya maharagwe. Walikuja mpaka watu wa Ankoro, kwa mtumbwi mpaka Kabalo, halafu gari moshi, wamebeba samaki wa mtoni wa kukaushwa kana kwamba sisi ziwani hatuna samaki.

Kijana alitaka kufuta yote. Alizunguka kati ya kuku akisema amekwisha, profesa akikuta ngoma na mitungi mahali pa ubao na chaki, atapanda gari moshi lilelile kurudi, na yeye atafundisha watoto porini mpaka azeeke.

"Sikia, mwanangu," nikamwambia. "Ukiwafukuza watu hawa, wewe ni mtani aliyepokea kuku akakimbia matanga. Hapo hata Moba hutarudi. Mama yako mwenyewe atakufungia mlango."

Akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. "Wale watani wengine. Ni kweli wanapiga kelele mtu akidanganya?"

"Mpaka akae chini. Hata awe shefu."

Akavua miwani, akaipangusa na upindo wa shati, akaivaa, akaipangusa tena. Niliona kwamba kuna kitu kimeingia kichwani mwake, na kwa mara ya kwanza toka kuku wa kwanza, alicheka.

Jumapili ilifika. Profesa mkubwa alikuwa mtu mfupi, mweusi tititi, koti la abakosti la kijivu, lile lisilotaka tai, limefungwa mpaka kidevuni, uso kama aliyemumunya ndimu. Alitoka mbali, upande wa magharibi ya nchi, hapa hakuwa mtani wa mtu. Sitwayeni komisere wa zone, mkubwa wa wilaya, alikuja na wachezaji wake wa animasyo, ngoma za kumsifu rais, kwa sababu aliambiwa mwanachuo atasema juu ya uhalisi wa mababu. Na shefu wa kartiye alikuja pia, yule yule, amezeeka sasa, shati la bluu, na mtungi wake wa pombe kama watu wote. Nilimwona akiingia. Nilikuwa na sufuria motoni, nikageuza macho.

Kijana alianza na ubao. Alichora ziwa, akachora mishale, akasema maneno mawili matatu ya kitabu.

"Mvua," yule bibi akasema toka benchi ya mbele, "weka chokaa chini. Watu wana kiu."

Ukumbi ukacheka. Nilimwona kijana akimtazama profesa wake, na profesa hakucheka. Kisha akaiweka chaki. Akachukua beseni la maji niliyoyachota mwenyewe, akasimama katikati, na sauti yake ikawa nyingine, ya kwao milimani.

"Udongo, ninyi wachafu. Baba yenu aliondoka nyumbani. Nani alimchukua?"

Bibi akasimama. Alisema baba yake alichukuliwa na kapita, mnyapara wa shefu wa wakati ule, alikuja na kamba, akawafunga wanaume shingoni kama mbuzi, na jina la kapita akalitaja na la shefu akalitaja. Alisema alichobeba: kipande cha chuma cha tumbo la meli, kipana kama mlango, watu wanne chini yake, na wa mbele haoni anapokwenda. Alisema alipoangukia, ng'ambo, karibu na mto wenye mawe mekundu, na kwamba aliyemzika alikuwa mwenzake wa chini ya kile chuma. Watani wa koo zote walikuwa pale, wamekaa na midomo tayari. Walinyamaza. Kijana akamnawisha mikono. Mashine ilikuwa inazunguka kwenye meza, hakuna aliyeikumbuka.

Wakafuata wengine. Si wote walionyamaziwa. Mtu mmoja wa Nyunzu, mnene, mwenye saa kubwa, alisimama akasema mjomba wake aliupiga mzinga na kuizamisha meli ya Wajerumani peke yake. Kabla hajamaliza, ukumbi uliinuka.

"Kaa, we. Mjomba wako alikuwa mpishi."

"Alikuwa anamuchemshia kapitani maharagwe."

"Na aliyaunguza."

Yule mnene alisimama kidogo, akajikuna. "Haya," akasema, "alikuwa mpishi. Lakini aliyaunguza kwa makusudi."

Watu walilia kwa kucheka, na hapo niliona profesa mkubwa ameegemea mbele, viwiko juu ya magoti. Kiswahili chake cha chuo hakikutosha kwa utani wetu, akamnong'oneza komisere amtafsirie. Komisere naye hakuwa wa hapa, hakujua zaidi yake, akabuni.

Kisha wanawake wakaanza ule wimbo wa kubeba, ambao mimi niliuimba nikisukuma mkokoteni wa samaki na sikuwahi kujua umetoka wapi. Mzee wa goti, yule ambaye hajawahi kutoka nje ya boma lake, aliinuka, akamwegemezea mjukuu fimbo yake, akaonyesha hatua: mbili ndefu, moja fupi, mwili mmoja wote, kwa sababu mmoja akikosea chuma kinawakata wote. Akaonyesha walivyoushusha mzigo kwa pamoja wimbo ulipofika mahali pake. Wazee wenzake wakaingia nyuma yake. Walikuwa wanatembea mle ukumbini bila mzigo, na shingo zao zilikuwa zimekaza.

Sijui niliinukaje. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa na mwiko mkononi.

"Mume wangu alikuwa Udongo," nikasema. "Hakuna aliyeniuliza."

Kijana alinigeukia na beseni. Angeweza kuniambia, Mama, hiyo ni vita nyingine. Aliniangalia, akaniuliza kama alivyowauliza wote: "Nani alimchukua?"

"Askari wa serikali. Kapitani mwenye jino la dhahabu. Na aliyewaonyesha mlango wangu kwa kidole amekaa pale, benchi ya pili, shati la bluu."

Nikalitaja jina. Pale nililitaja.

Komisere aliacha kujipepea. Profesa mkubwa hakuhitaji tafsiri, aliona vichwa vilikogeukia. Nilingoja kelele. Koo zote zilikuwa mle ndani, na wa ukoo wake shefu pia, na watani wake, ambao kazi yao ni kusema kama nimedanganya. Nilingoja, na nje kuku mmoja alikuwa anataga na kujisifu, ndiyo sauti pekee. Hakuna aliyefungua mdomo. Mji mzima ulinyamaza kwa ajili yangu.

Shefu akasimama. Kwenye matanga huna ruhusa ya kukasirika wala kwenda tribunali kushtaki, alijua. Akatoka na mikono mitupu, na mtungi wake ukabaki.

Hapo mtani alifanya kazi yake, maana bila hivyo ningevunjika palepale. Alininawisha mikono, mwiko na vyote, akapaza sauti: "Haya basi, Mama, tumuache marehemu apumzike. Miaka yote anasikia harufu ya chumvi yako mpaka ahera. Udongo, muliona wapi mwanamke anayekuja kwenye matanga na silaha?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika benchi, na machozi yalikuwa yanatoka lakini yalikuwa yanatoka kwa njia nyingine. Wanawake walipiga vigelegele. Mtu akaufungua mtungi wa shefu, wakaunywa wa kwanza.

Komisere alimwinamia profesa, nikamsikia vizuri. "Mimi sikusikia kitu," akasema. "Ngoma zilikuwa na kelele." Hakuna ngoma iliyokuwa imepigwa bado. Lakini alivyosema hivyo zikapigwa, na baada ya mtungi wa tatu alikuwa anacheza animasyo katikati ya mabibi, abakosti wazi mpaka kitovuni.

Mimi ndiye niliyempelekea profesa sahani. Kijana alikuwa amesimama mbele yake, mikono nyuma, beseni bado liko chini ya kwapa. Walizungumza Kiswahili kwa ajili yangu au kwa kusahau.

"Historia ni ushahidi uliopimwa," profesa akasema. "Hapa nimeona kuku. Nani alipima?"

"Uliwasikia, Profesa. Ulisikia yule wa mzinga."

Profesa alimchambua mkebuka mwiba kwa mwiba. "Mpishi," akasema, na kona ya mdomo ikacheza. Akala kidogo. Halafu akauliza, "Na huyu mama? Huyu hakuna aliyempigia kelele."

"Hakuna, Profesa."

"Na mtu mwenyewe alikuwemo."

"Alikuwemo."

Alikula mpaka mwisho, akanirudishia sahani kwa mikono miwili kama mtu wa kwetu. Kisha akamwambia kijana: "Andika namna wanavyonyamaza. Anza na hilo. Majina yaje nyuma. Tutaona mbele ya jiri." Jiri ndio wale wakubwa wa chuo wanaokaa mezani kumwamua mtu. Kwa hiyo kiti kilikuwa bado hakijapona. Lakini hakijatolewa.

Kijana alikaa mpaka kiangazi kikaisha, akanasa sauti kwa mashine yake mpaka betri zikaadimika mjini, halafu akaondoka na sanduku lenye maganda ya mayai. Mvua zikanyesha, zikakoma. Hatukusikia kitu. Yule bibi alikuwa ananiuliza kila asubuhi, na mimi namjibu kwa ukali, kwa sababu nilikuwa naogopa kuliko yeye. Nchi hii ninaijua. Wenye kidole wanapandishwa cheo, wenye miwani wanapelekwa porini.

Siku niliyojua nilikuwa sokoni. Gari moshi lilikuwa linaingia, na mashinisti, dereva wake, mtu wa Kabalo, Udongo kwa mama, alikuwa ameshika filimbi haiachii. Tulifikiri breki zimekatika. Watoto wakakimbia. Alipofika karibu alitoa nusu ya mwili dirishani, uso wote moshi, akaanza kutupigia makelele kitu ambacho filimbi yake mwenyewe ilikuwa inakifunika. Alirudia, akaonyesha kwa mkono, kama mtu anayevaa miwani. Kisha akaiachia filimbi.

"Amepita! Jiri wote! Dokta!"

Mtu akarusha kapu la mihogo juu. Yule bibi, ambaye haondoki kizingitini bila kushikwa, wanasema alikuwa ameshafika barabarani. Mimi nilikuwa na meza nzima ya mikebuka, wabichi, wa asubuhi ile, na sikuuza hata mmoja. Niliwagawa. Niliwashika kwa mikia na kumpa kila mtu aliyepita: wa Mvua, wa Udongo, askari wa bariera, mpaka mke wa shefu, ambaye alinyoosha mkono kwa woga, nikamwekea wawili.